Chupa Zilizotoka Kirando

Vijana mnaovaa koti jeupe leo, mmoja wenu aliniuliza juzi sokoni, "Mzee Ambakisye, zamani mlipimaje watu bila mashine?" Nikamjibu kwamba tulikuwa na darubini moja, jiko la mafuta ya taa la kuchemshia vyombo, na dirisha lililoelekea mashariki ili tupate mwanga. Akacheka. Nikaona hakuridhika. Basi acheni nimjibu kwa urefu, na nyie wengine msikilize, maana mambo mengine hayamo kwenye vitabu mnavyosomea.

Mimi ni mtu wa Tukuyu. Nilipangiwa kazi Sumbawanga nikiwa kijana, nikaja na sweta moja. Mwezi wa saba upepo wa Ufipa ulinikuta na hilo sweta moja, nikaandika barua ya kuomba uhamisho. Haikujibiwa. Nikanunua koti la mitumba, nikaoa, nikazeeka hapa. Hospitali yenyewe sitaitaja jina, maana makosa nitakayoyasema ni yangu, si yake.

Nilipoanza, mimba tulipima kwa kioo. Unaweka tone la mkojo, unaweka matone ya dawa, unatikisa taratibu. Mchanganyiko ukiganda vipunje vipunje, mama hana mimba. Usipoganda, anayo. Mambo yalikuwa kinyumenyume, na wiki yangu ya kwanza nilimpongeza mwalimu ambaye hajaolewa, kisha nikampa pole mke wa polisi aliyekuwa na mimba ya miezi minne. Polisi mwenyewe alikuja maabara akiwa na sare. Tangu siku hiyo niliandika ukutani kwa herufi kubwa: IKIGANDA HANA.

Halafu ikaja miaka ya soko huria. Maduka ya dawa ya watu binafsi yakaota mjini kama uyoga, na humo vikaja vijiti vya kupimia mimba. Unachovya, unasubiri. Mstari mmoja hana, miwili anayo. Nikafuta maandishi ukutani. Nikajiona kazi imekuwa nyepesi kabisa.

Ndipo alipoletwa Leokadia.

Leokadia alikuwa na miaka kumi na tisa, mke wa Gaudensi, mfanyabiashara kijana wa Kirando aliyekuwa akinunua dagaa kule ziwani na kuwapandisha kwa lori hadi soko la Sumbawanga. Safari hiyo, juu ya magunia ya dagaa, alimpandisha na mkewe. Alikuwa akitokwa damu kidogo kidogo kwa wiki mbili, na kutapika kiasi kwamba hata maji hayakai. Kwa hesabu yake mimba ilikuwa ya miezi mitatu, lakini tumbo lilikuwa la miezi sita. Kwao walikuwa wameshasema ni mapacha.

Mkojo wake aliuleta Mama Skolastika, nesi mkunga wa wodi ya wanawake. Huyu alikuwa mwenyeji wa Matai, mfupi, mpole wa sauti, na sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa yeye. Nikachovya kijiti. Mstari mmoja. Nikaandika hasi, nikampa karatasi.

Baada ya dakika tano amerudi.

"Ambakisye, umeandika nini hapa?"

"Hasi, mama. Hana mimba."

"Na lile tumbo ni la ugali?"

"Labda ni uvimbe."

Akaweka chupa mezani. "Zimua huu mkojo, upime tena. Kuna daktari mzee nilifanya naye kazi Mbeya, alikuwa haamini mkojo wa namna hii mpaka uzimuliwe."

Mimi moyoni nilisema, nesi ananifundisha maabara! Lakini nikatii. Nikaweka sehemu moja ya mkojo na tisa za maji safi, nikatikisa, nikachovya. Mistari miwili. Nikachukua ule uliozimuliwa, nikauzimua tena mara kumi. Mistari miwili, myekundu kweli kweli. Nikavuta kiti nikakaa.

Sikilizeni vizuri hapa. Homoni ya mimba ikiwa nyingi kupita kiasi, kijiti kinashindwa kuisoma. Ni kama watu mia wakiukimbilia mlango mmoja mwembamba kwa pamoja: wanabanana, hapiti mtu, na aliye ndani anadhani nje hakuna watu. Kwa hiyo tumbo likiwa kubwa na kijiti kikakataa, zimua kabla hujaandika. Hilo nilifundishwa na mkunga, wala sioni haya kulisema.

Ilikuwa mimba zabibu. Kondo la nyuma linakua lenyewe, vibaya, mtoto hakuna, na ndani ya mji wa mimba yanajaa malengelenge ya maji yaliyoshikana kama kichala. Jina hilo walilitoa watu wanaozijua zabibu. Leokadia hakuwahi kuiona zabibu maishani mwake. Yalipomtoka machache pale chooni, alirudi kitandani akajifunika shuka mpaka kichwani, na Mama Skolastika alipomfunua akamwambia, "Mama, nimezaa mayai ya samaki. Watu wa kwetu wakijua nimekwisha."

Nilikuwepo, nimekwenda kumtoa damu ya kupima kundi. Nilimwona Mama Skolastika akikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo manesi wenzake aliwakataza kila siku.

"Mwanangu, hukuzaa samaki," alisema. "Hukufanya kosa, na hakuna aliyekufanyia. Ni kondo la nyuma, limekua ovyo. Daktari atalitoa, utapumzika, na siku yake ikifika utazaa mtoto kama wenzako."

"Kweli?"

"Mimi huwa nasema uongo?"

Leokadia alikuwa hamfahamu hata kwa siku moja, lakini akatikisa kichwa kwamba hapana.

Daktari alimsafisha kwa bomba la kunyonya. Damu ilimtoka nyingi. Gaudensi alikuwa kundi moja naye, akatoa chupa ya damu, akataka atoe na ya pili, nikamfukuza.

Sasa kwenye ugonjwa huu, kusafishwa ni mwanzo tu. Mama Skolastika aliniita kwenye chumba chake kidogo, akanisimulia jambo ambalo nadhani hakupenda kulisimulia. Akiwa nesi mdogo, alimhudumia mama mmoja mwenye mimba zabibu. Akasafishwa, akaambiwa amepona, akaruhusiwa. Baada ya miezi minne alirudi anakohoa damu. Wakamtibu kifua kikuu. Kumbe chembe za ule ugonjwa wa kondo zilikuwa zimebaki, zikageuka saratani, zikapanda mapafuni.

"Alikufa ameshika mkono wangu," alisema, "na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kupima mkojo. Mkojo, Ambakisye! Kitu ambacho kila mtu anacho."

Basi tukapanga. Leokadia angepimwa kila wiki mpaka homoni iishe, halafu kila mwezi kwa mwaka mzima. Na katika mwaka huo asishike mimba. Gaudensi aliitwa kuelezwa.

"Mwaka mzima, mama?" Gaudensi aliuliza.

"Mwaka mzima. Atameza vidonge vya majira. Akishika mimba mapema, kipimo cha huyu Ambakisye kitasema ndiyo, na sisi hatutajua kama ni mtoto au ni ugonjwa umerudi."

Gaudensi alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetunga sheria hiyo. Kisha akasema, "Sawa. Bora awe hai."

Wiki sita za kwanza Leokadia alikaa kwa shangazi yake hapa mjini, kwa hiyo alikuja mwenyewe kila Jumatatu. Nilichora ngazi kwenye daftari. Juu kabisa ni mkojo uliozimuliwa mara mia, chini yake mara kumi, chini kabisa ni mkojo mtupu. Kila alipokuja nilimwonyesha amefika wapi. Wiki ya tatu mara mia ilikataa. Wiki ya sita mara kumi nayo ilikataa, ukabaki mkojo mtupu tu ndio unaosema ndiyo. Alifurahi akaniletea migebuka wakavu, samaki wa ziwani kwao, harufu yao ikakaa maabara wiki nzima, mpaka daktari akauliza tunapima nini siku hizi.

Halafu akataka kurudi Kirando. Nyumba yake ilikuwa huko, na kutoka huko kuja Sumbawanga kwa lori si safari ya kumfanyisha mtu aliyepungukiwa damu. Nikapata wazo, nikajiona nina akili. Nikampa chupa safi zenye vifuniko, kwa sababu wengine walikuwa wakituletea mkojo kwenye chupa za dawa ya kikohozi ambazo hazijaoshwa, na majibu yake yalikuwa kichekesho. Nikamwambia Gaudensi, "Kila ukileta dagaa, nitakuwa nakutegemea na chupa." Mama Skolastika hakulipenda wazo hilo, ila hakulikataza.

Chupa ya kwanza ilikuja. Mstari wa pili ulionekana kwa mbali sana. Chupa ya pili ikaja: mstari mmoja. Nikazimua mara kumi, mstari mmoja. Mara mia, mstari mmoja. Nikatoka mbio mpaka wodini.

"Mama, Leokadia amepona! Hasi tupu!"

"Umemwona?"

"Nimeuona mkojo wake."

"Nimekuuliza kama umemwona yeye."

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nikarudi nikaandika hasi kwa wino mwekundu, nikapiga mstari chini.

Mwezi uliofuata Leokadia alishuka mwenyewe kwenye lori. Nilimwona dirishani akivuka uwanja, anatembea hatua chache, anasimama, anakohoa, ameshika kifua. Alipofika mlangoni akatabasamu. "Shikamoo baba. Nimekuja mwenyewe, nataka nilione hilo jibu zuri kwa macho yangu."

Nilimpa chupa, akaenda chooni, akarudi. Mkojo mtupu, mistari miwili. Mara kumi, miwili. Mara mia, miwili.

Nikamwambia asubiri kwenye benchi, nikatoka nje nikamkuta Gaudensi anapanga kamba zake.

"Gaudensi, ile chupa ya mwezi uliopita ilikuwa ya nani?"

Akaendelea na kamba.

"Gaudensi."

"Ilipasuka, mzee. Kwenye yale makorongo ya kupandia Namanyere, gunia lililalia begi. Nilipofika mjini nikakuta begi limelowa."

"Sasa ile uliyoniletea?"

"Ulisema unanitegemea. Na yule mama mkunga nilimwogopa." Akainua macho, na yalikuwa macho ya mtu aliyeanza kuelewa alichokifanya. "Ni mkojo wangu. Niliosha chupa nyingine vizuri kabisa. Padre alitufundisha tukifunga ndoa kwamba sisi ni mwili mmoja."

Nyie mnacheka. Na mimi nilicheka, ila miaka miwili baadaye. Siku ile nilimshika ukosi wa shati, halafu nikauachia, kwa sababu nilikumbuka wino wangu mwekundu. Yeye ni muuza dagaa, hakusomea maabara. Aliyesomea ni mimi, na nilipokea chupa bila kumwona mwenyewe, tena sikuuliza hata swali moja.

Sikieni, kukosea kazini kuna kishawishi chake. Daftari lilikuwa kwangu. Ukurasa ulikuwa unachanika. Nilisimama nalo pale kwa muda ambao sitaki kuutaja. Kisha nikalichukua mpaka kwa Mama Skolastika, nikamweleza yote, nikangoja anifokee.

Hakunifokea. Aliusoma ule ukurasa mpaka chini, akasema, "Andika chini yake kilichotokea, na saini. Kisha twende tukamwambie wote wawili. Asiambiwe na mtu mmoja."

Picha ya kifua ilionyesha madoa meupe ya mviringo mapafuni, matatu upande mmoja na moja upande wa pili. Daktari akaandika rufaa ya Dar es Salaam. Leokadia alikuwa ameketi na mikono mapajani. Mumewe alisimama ukutani, kwa kuwa alikataa kukaa.

"Ugonjwa umerudi," Mama Skolastika alimwambia. "Umefika kifuani. Kuna dawa ya sindano ambayo huufuata hukohuko uliko. Si kama saratani nyingine. Huu husikia dawa."

"Mbona mliniambia nimepona?"

Nikasema, "Ni mimi. Chupa yako ilipasuka njiani, nikapima mkojo usio wako na sikujua. Nisamehe, mwanangu. Tumepoteza mwezi mzima."

Akamgeukia mumewe. Gaudensi alianza kulia bila sauti, mtu mzima aliyezoea kubeba magunia. Leokadia alimwangalia kwa muda mrefu, mimi nikadhani atampiga au atatukana. Akasema, "Chupa ikipasuka, sema imepasuka." Basi. Kisha akamuuliza Mama Skolastika, "Nitakufa?"

"Ukienda kesho na ukakamilisha sindano zote, sioni kwa nini ufe."

Walikwenda kesho yake kwa basi la Mbeya. Gaudensi aliacha dagaa, akaacha wateja, akakaa naye huko miezi mitano. Barua zake zilikuja kwa mwandiko wa kalamu ya risasi. Ya kwanza ilisema midomo ya Leokadia imejaa vidonda kwa sababu ya dawa, hawezi kula, yeye anampikia uji wa ulezi na kuupooza. Ya pili ilisema nywele zimepungua. Ya tatu ilikuwa na mstari mmoja tu: "Mzee, wamempima mwenyewe mbele yangu, imeshuka." Lile neno mwenyewe alilipigia mstari chini. Nilimsomea Mama Skolastika, akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Waliporudi alikuwa mwembamba, kichwa amefunga kitambaa cha njano, kikohozi hakuna. Madoa mapafuni yalikuwa yametoweka. Karatasi zake zilionyesha hasi mara tatu mfululizo, na mwaka wa kusubiri ukaanza kuhesabiwa upya. Safari hii nilikataa chupa ya kusafiri. Kila mwezi alipanda lori mwenyewe, akaketi kwenye benchi langu, akanieleza habari za Kirando mpaka kijiti kikauke. Nilijua ni nani amenunua injini ya mtumbwi, ni nani amefungua duka la soda, na kwamba mama mkwe amechoka kuuliza mjukuu. Nilijifunza kuwa mgonjwa akikaa karibu na meza yako unapata majibu ambayo kijiti hakina.

Mwaka uliisha. Daktari akawaruhusu. Ikapita miezi kadhaa, nikamwona anavuka uwanja tena, Gaudensi nyuma yake.

"Sijaona siku zangu," alisema.

Mistari miwili. Hakuna aliyeshangilia. Tulijua kijiti hakiwezi kutofautisha mtoto na ugonjwa, na mashine ya kupiga picha tumboni haikuwepo kwetu wakati huo. Nilizimua, nikapanga, nikalinganisha na majuma ya mimba, lakini nilichoweza kumwambia ni kwamba tusubiri. Wiki hizo zote Mama Skolastika alimpima tumbo kwa futi ya cherehani, akaandika. Tumbo lilikua kwa kadiri yake, si zaidi. Halafu alasiri moja akaja maabara mwenyewe, akanivuta mkono mpaka wodini na kunipa kile kipima sauti cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Nikaweka sikio. Mwanzoni nilisikia pumzi zangu tu. Nikajizuia kuhema, ndipo nikasikia mapigo madogo, ya haraka. Nilibaki nimeinama hapo mpaka Leokadia akaniuliza, "Baba, umelala?"

Alijifungua binti, salama, katika wodi ileile.

Lakini kazi haikuwa imekwisha, na hili wengi wenu mnalisahau. Mama aliyewahi kuugua mimba zabibu, hata akizaa mtoto mzima, apimwe tena wiki sita baada ya kujifungua. Nilimwambia na sikuwa na hakika kama atakuja, maana ilikuwa masika na barabara ya ziwani imeharibika vibaya. Alikuja. Alifika saa nne asubuhi, matope mpaka magotini, mtoto mgongoni.

Nikampa chupa. Akafungua khanga, akamtoa mtoto, akatazama huku na huku atamweka wapi. Meza ilikuwa imejaa vikopo vya makohozi ya watu. Akaniwekea mikononi.

"Nishikie."

Nimefanya kazi ile miaka mingi, nikiwajua watu kwa chupa zao na matone yao, na sikuwahi kushikishwa mtoto ndani ya maabara. Alikuwa na harufu ya maziwa na moshi. Alinitazama kwa makini kama mkaguzi kutoka wizarani. Nikamwimbia kidogo kwa Kinyakyusa, taratibu, wagonjwa wa kwenye benchi wasinisikie.

Leokadia akarudi na chupa, akaiweka mbele yangu. Nikachovya kwa mkono mmoja. Nikazimua kwa mkono mmoja, jambo ambalo nawakataza ninyi kulifanya. Mara mia, mara kumi, mtupu. Tulitazama pamoja mpaka muda ukatimia, kisha nikaongeza dakika nyingine tano juu yake.

"Hakuna kitu, Leokadia," nilimwambia. "Hakuna kitu kabisa."

Akashusha pumzi, akafuta uso kwa ncha ya khanga, akanyoosha mikono yake miwili.

"Basi nipe mwanangu."